Simu Iliyoshuka Mlimani

Shemeji yangu ni mgumu. Msomaji wa mbali na Moshi nimweleze: wagumu ndio wanaowabebea watalii mizigo Kilimanjaro, mahema, mitungi ya gesi, viti vya kukunja, magunia ya viazi. Mzigo wa kila mmoja unapimwa kwenye mizani pale getini, usizidi kilo 20, kabla hajapiga hatua ya kwanza. Mwezi wa nane mwaka 2014 alishuka na kundi la Wamarekani kwa njia ya Mweka. Hakwenda hata kuoga. Alikuja moja kwa moja kwenye kibanda changu cha ufundi simu karibu na soko la Mbuyuni, vumbi la mlima bado limeng'ang'ania kwenye kope, akaweka simu juu ya meza ya kioo.

"Shemeji, ona mgeni alichoniachia."

Ilikuwa Samsung Galaxy S4. Kwa mtu aliyekuwa anatembea na kitochi, simu ndogo ya vitufe, kilichofungwa kwa raba ili betri isidondoke, ile ilikuwa kama kupewa gari. Mgeni alikuwa ameshanunua nyingine, hii akamwachia pamoja na bakshishi na buti za kupandia. Laini yake ikaingia, mtandao ukasoma. Nilifurahi, maana simu nyingi za Marekani zilizokuwa zimepita mikononi mwangu zilikuja na loki ya laini. Nikamwambia nenda kaoge, simu iko sawa.

Baada ya miezi miwili alirudi. Simu ile ilikuwa imeuzwa na mtandao mmoja wa huko Marekani, na mtandao huo ulikuwa umeijaza programu zake: ya kusikiliza ujumbe wa sauti, ya ramani za kulipia, ya mpira wa Kimarekani, ya kuongeza salio la huko. Hakuna hata moja iliyofanya kazi Moshi, na hakuna hata moja iliyokubali kufutwa. GB 16 za kwenye boksi zilikuwa zimebaki kama 9 tu. Picha za safari moja ya mlimani kwa njia ya Lemosho zikazimaliza. Usiku kambini, kwenye baridi, betri ilikuwa inaliwa na vitu ambavyo shemeji hajawahi kuvifungua wala kuvihitaji.

"Zifute basi," akaniambia. "Si simu yangu?"

Nilikuwa na jibu la kifundi, lakini swali lake halikuwa la kifundi. Limekaa na mimi tangu siku hiyo.

Simu ikiwashwa haiamki yote kwa mpigo. Kuna programu ndogo inayotangulia, mafundi tunaiita butiloda, na kazi yake ni kuiamsha programu inayofuata. Kwenye simu iliyofungwa, butiloda haimwamshi mtu mpaka imkague sahihi ya kiwanda. Asiye na sahihi hiyo haamki, hata awe bora kuliko yule wa kiwandani, hata mwenye simu amtake kwa moyo wake wote. Loki ya laini inakuzuia kuhama mtandao. Loki ya butiloda inakunyima jambo kubwa zaidi, yaani kuamua simu uliyonayo iendeshwe na nini. S4 zilizouzwa Ulaya hazikuwa na kizuizi hicho. Zile za mitandao miwili mikubwa ya Marekani zilikuwa nacho, na ya shemeji ilikuwa ya huko.

Hapo ndipo nilipokutana na kazi ya Dan Rosenberg. Ni mtafiti wa usalama wa Kimarekani, na mwezi wa tano mwaka 2013, wiki chache tu baada ya S4 kuingia madukani, alitoa hadharani njia ya kulipita kufuli lile. Jina alilolipa ni Loki. Niliposoma jina hilo kwa mara ya kwanza nilidhani kuna Mswahili mahali, maana kwa lugha ya mafundi wa hapa loki ndilo kufuli lenyewe.

Niliyasoma maelezo yake kwa wiki nzima, kamusi mkononi, mpaka nikaelewa, na nilipoelewa nilisimama kutoka kwenye kiti. Programu inayotaka kuamshwa ilikuwa inakuja na maelezo mbele yake yanayosema: nipakie kwenye anwani fulani ya kumbukumbu. Butiloda ilikuwa inaitii anwani hiyo bila kuuliza. Ilipakia kwanza, ikakagua sahihi baadaye. Sasa mfikirie askari wa getini Machame ambaye kabla ya kupima mzigo anamuuliza mgumu, "Huu niutue wapi?" na mgumu anamjibu, "Utue hapo hapo ilipo mizani yako." Mzigo unatua, mizani ya askari inafunikwa, na juu yake imekaa mizani ya mgumu. Askari anapima. Kilo ziko sawa kabisa. Mgumu anapita. Rosenberg alimfanya mkaguzi aandikwe upya katikati ya ukaguzi, na njia aliyotumia ilikuwa utii wa mkaguzi mwenyewe.

Tundu hilo halikudumu. Miezi michache baadaye likaja sasisho lililoliziba, na simu ikishalipokea hairudi nyuma. Kwa hiyo kila kitu kilitegemea namba moja ya toleo iliyoandikwa ndani kabisa ya mipangilio. Niliifungua simu ya shemeji huku vidole vimelowa jasho. Toleo lilikuwa la zamani. Mgeni hakuwahi kuisasisha, na shemeji, ambaye bando lake lilikuwa la kupima kwa kijiko, alikuwa akiliahirisha lile tangazo la sasisho kila lilipotokea. Ufukara wa bando ndio ulioacha mlango wazi.

Nilipakua kila kitu kwa bando la usiku: rikavari, yaani programu ya kuwekea mfumo mpya, CyanogenMod ya toleo la 11, mfumo wenyewe, isiyofika MB 300, na kifurushi cha programu za Google pembeni. Nilianza saa nane usiku. Umeme ulikatika saa tisa, nikasubiri, maana kompyuta yangu ilikuwa ya mtumba na betri yake ilikuwa imeshakufa. Uliporudi nilianza upya. Alfajiri, wakati wanaume wa magunia ya ndizi wanaanza kushusha mizigo nje, alama ya CyanogenMod ilitokea kwenye kioo. Nilikaa kimya na kuitazama tu. Ndani hakukuwa na mpira wa Kimarekani wala ramani za kulipia. Kulikuwa na simu, na nafasi ya kuweka maisha ya mtu.

Shemeji alilipia soda. Sikumtoza zaidi, kwa sababu mimi nilikuwa nimetembea tu kwenye njia iliyofyekwa na wengine, na wale walioifyeka hawakulipwa na mtu yeyote wa Mbuyuni.

Ndiyo maana nikaanza kuwatafuta, niwajue.

Simu ya kwanza ya Android kuuzwa ilikuwa HTC Dream, ambayo Marekani iliitwa T-Mobile G1. Ilitoka Oktoba 2008. Wiki chache baadaye ikagundulika kwamba kila neno unaloandika kwenye kibodi yake lilikuwa pia linasomwa chini kwa chini kama amri ya mwenye mamlaka yote ndani ya simu. Ukimwandikia rafiki neno "reboot", simu inazima na kuwaka upya mkononi mwako. Google waliliziba haraka, lakini watu walikuwa wameshaona ndani. Mmoja wao alikuwa Steve Kondik, aliyejiita Cyanogen, ambaye mwaka 2009 alianza kutoa toleo lake mwenyewe la mfumo wa simu hiyo. Watu wakaligombania, kwa sababu Android ni programu huria: chanzo chake kiko wazi, kila mtu anaweza kukichukua na kukitengeneza upya.

Septemba 2009 Google walimwandikia barua kumtaka aache kusambaza Gmail, Maps, YouTube na soko lao la programu ndani ya kazi yake. Mfumo ni huria, hizo si huria. Kondik aliziondoa akaendelea, na ndiyo sababu hadi leo ukiweka mfumo wa aina hii, programu za Google unazileta mwenyewe kwenye kifurushi cha pembeni. Mafundi wengi hapa wanadhani ni usumbufu tu. Ni kovu la barua ile.

Kazi hiyo ilikua, ikaingia simu kwa simu, nchi kwa nchi. Mwaka 2013 wakaunda kampuni. Mwaka 2014 simu ya OnePlus One ikatoka kiwandani ikiwa na mfumo wao. Halafu likaja lile la Desemba 2016. Nilikuwa nyumbani Kibosho, tumepanda wote kwa Krismasi kama ilivyo ada ya Wachagga, mbuzi yuko motoni, mama anagawa mbege. Mtandao kule kihambani unapatikana ukisimama kwenye pembe moja tu ya zizi. Nilisimama hapo nikasoma kwamba kampuni inafunga huduma zake zote ifikapo tarehe 31. Nilikuwa na simu za wateja zaidi ya 30 zinazotembea na mfumo ule, na ya shemeji ikiwemo. Nani atazisasisha?

Jibu lilikuwa limeshaandikwa. Watengenezaji wenyewe, wale wa kujitolea, walichukua chanzo chote, kwa kuwa kilikuwa huria na hakuna wa kuwazuia, wakaanza upya kwa jina jingine: LineageOS. Tangazo lilitoka mkesha wa Krismasi. Kampuni ilijitoa na kazi haikufa. Mimi ni Mlutheri, nimelelewa kanisani, na nasema bila kutania kwamba usiku ule niliwaombea watu ambao siwajui sura. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

S4 ya shemeji ilipata LineageOS 14.1 mwanzoni mwa 2017, ambayo ni Android 7.1.1. Kiwandani ilikuwa imeachwa kwenye 5.0.1. Mtu anaweza kuona ni namba tu. Lakini tovuti nyingi sana duniani hutumia vyeti vya bure vya usalama vya Let's Encrypt, na mzizi wa vyeti hivyo haumo ndani ya Android iliyo chini ya 7.1.1. Let's Encrypt wenyewe walitafuta njia ya kuzivusha simu hizo kwa muda, ikafika mwisho wake mwaka 2024. Simu za aina hiyo ukifungua tovuti zinakwambia ukurasa si salama, na mwenye nayo anakuja kibandani akidhani kioo kimeharibika. Simu inaweza kuwa nzima kabisa kwa mwili na ikawa imezikwa kwa programu.

Sasa niseme jambo ambalo mafundi wenzangu hawapendi nikiliandika. Watu wakisikia fundi anafungua simu, wanaleta kila aina ya kufuli. Wanaleta simu iliyookotwa stendi, ikiwashwa inadai akaunti ya Google ya mtu mwingine. Kufuli hilo liliingia na Android 5.1 mwaka 2015 na lina maana yake: simu ikiibwa isimfae mwizi. Silifungui. Ukiniletea boksi lenye namba za IMEI, kitambulisho cha kila simu, zinazolingana, au mwenye akaunti akaja mwenyewe, tutazungumza. Wanaleta simu wakitaka IMEI ibadilishwe, hasa tangu TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, walipozima simu bandia mwezi wa sita mwaka 2016. Hilo sheria inalikataza na mimi naliogopa kwa haki, maana ndiyo dawa ya kuficha simu ya damu.

Na kuna simu za mkopo. Hapa moyo wangu haujatulia. Mwaka juzi mama mmoja anayeuza ndizi Kiboriloni aliniletea simu aliyokuwa anailipia kila siku kidogo kidogo. Alikuwa amelazwa na mtoto hospitali siku tisa, hakulipa, kampuni ikaifunga simu. Kwenye kioo kulibaki maneno ya deni tu. Ndani yake kulikuwa na namba za wateja wake wote. Hakuweza hata kuwapigia watu wanaomdai ndizi awaambie asubiriwe.

"Mwanangu, wewe wanasema unafungua."

"Mama, hili ni deni. Nikilifungua nitakuwa nimekuibia wewe na wao."

Sikulifungua. Nilimlipia siku nne, akamalizia zilizobaki baada ya soko. Najua mkopeshaji ana haki ya fedha yake. Lakini aliyebuni kufuli linalomnyang'anya mama daftari lake la wateja kwa deni la siku tisa hakufikiria mtu, alifikiria mzigo tu. Angeweza kuacha simu ipige na kupokea. Hilo ningemwambia uso kwa uso.

Kufuli la kiwanda kwenye simu iliyolipiwa yote, au iliyotolewa zawadi kwa moyo mweupe, ni jambo jingine kabisa. Hakuna deni pale. Hakuna mwizi. Kuna mwenye mali na mtu wa mbali aliyebaki na ufunguo.

Mwaka 2019 niliingia mimi mwenyewe kwenye kazi hii, kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa na simu ya bei ndogo yenye chipu ya MediaTek, ya aina ambayo imejaa mtaani kwetu. Ilikubali kufunguliwa kihalali: unawasha chaguo la watengenezaji kwenye mipangilio, unaandika amri kwenye kompyuta, inafuta kila kitu chako, inafunguka. Kikwazo kilikuwa kingine. Keneli ya Android, yaani kiini cha mfumo, ni Linux, na Linux imetolewa kwa leseni ya GPL toleo la 2, ya mwaka 1991, inayosema wazi kwamba anayesambaza programu hiyo ampe aliyeipokea chanzo chake pia akikiomba. Niliandika barua pepe tatu kwa kampuni iliyotengeneza simu ile. Niliziandika kwa adabu, nikataja leseni, nikataja namba ya toleo. Sijajibiwa hadi leo.

Tulikuwa wawili tuliokuwa tukikitafuta chanzo hicho. Mwenzangu alikuwa mwanafunzi wa chuo huko India. Yeye alikuwa na ujuzi lakini hakuwa na simu ile. Mimi nilikuwa na simu lakini sikuwa na kompyuta ya kuifanyia kazi: Google wenyewe wanashauri mashine yenye RAM ya GB 64 na nafasi ya GB 400 ili kuijenga Android kutoka kwenye chanzo. Hapa Moshi GB 400 si swali la diski tu, ni swali la bando, na bando la kiasi hicho ni ada ya shule. Yeye alikuwa akiomba kompyuta ya chuo usiku, wenzake wakishalala.

Tukaanza. Alichukua chanzo cha keneli cha simu nyingine yenye chipu ileile, kilichokuwa kimetolewa na kampuni nyingine, akawa anakirekebisha bila kuiona simu, kama mtu anayeshona suti kwa kuelekezwa kwa simu. Anajenga, ananitumia, napakia kwenye simu, naangalia, namrudishia kumbukumbu za makosa. Kwangu ikiwa saa tano usiku, kwake ni saa saba na nusu. Toleo la kwanza halikuwaka. La pili halikuwaka. La sita liliwaka kioo kikiwa kimepinduka, juu chini. Lilikuwa toleo la 19 lililotoa sauti, na nakumbuka sauti yenyewe: niliweka kengele ya kuamkia ikalia, nikaiacha ilie dakika nzima. Kamera hatukuipata kamwe. Chanzo chake kilikuwa ndani ya lile kabati tulilonyimwa ufunguo.

Katikati ya kazi hiyo niliiua simu ya mteja. Alikuwa ameomba mfumo wetu, nikamwekea toleo ambalo sikuwa nimelijaribu usiku kucha kama nilivyozoea, kwa sababu alikuwa na haraka. Haikuwaka tena, wala kompyuta haikuitambua. Nilimnunulia nyingine, nikalipa kwa miezi mitatu. Tangu siku hiyo simwekei mteja kitu ambacho hakijakaa kwenye simu yangu mwenyewe wiki mbili.

Nilimuuliza yule kijana nimtumie nini. Nilifikiria kahawa, tunayo nzuri. Akasema anataka picha ya Kibo asubuhi, niliyoipiga mimi mwenyewe. Nilipanda hadi Rau saa kumi na moja alfajiri kabla mawingu hayajafunika, nikaipiga. Akaiweka iwe picha ya kwanza ya kioo kwenye mfumo wetu. Waliouweka walikuwa mamia, Indonesia, Naijeria, Brazili, na kila mmoja alipowasha simu yake kwa mara ya kwanza aliuona mlima wetu ukiwa na theluji yake iliyobaki.

Kuna watu wanaoamini kufuli la butiloda ni baya kwa lenyewe. Siamini hivyo. Kufuli linanilinda mtu asiiokote simu yangu akapandikiza programu yake. Ninachodai ni ufunguo, kwa sababu nyumba ni yangu. Na inawezekana, kwa kuwa imefanyika: simu nyingi za Pixel za Google zinamruhusu mwenye simu aondoe mfumo wa kiwandani, aweke mwingine, kisha afunge butiloda tena kwa ufunguo wa mfumo huo mpya. GrapheneOS, mmoja wa mifumo hiyo mbadala, inatumia njia hiyo. Kufuli linabaki, ukaguzi unabaki, aliyechagua mkaguzi ni mwenye simu. Wengine wamekwenda kinyume. Huawei waliacha kutoa namba za kufungulia mwaka 2018, na aliyenunua simu yao baada ya hapo hapewi tena ufunguo na kampuni.

Huko Marekani jambo hili huamuliwa na Maktaba ya Bunge, na nilipolisoma hilo nililisoma mara mbili. Ndiyo yenye mamlaka ya kutoa misamaha kwenye sheria yao ya hakimiliki za kidijitali, kila baada ya miaka mitatu. Mwezi wa saba mwaka 2010 ilitamka kwamba mwenye simu kuifungua ili aweke programu atakazo si kosa chini ya sheria hiyo. Ni uamuzi mzuri, nao una upungufu mmoja mkubwa: ulimruhusu mwenye nyumba kuvunja mlango wake, haukumlazimisha aliyeshika ufunguo aukabidhi. Kwa hiyo kila simu mpya iliyofungwa hivyo inamhitaji Rosenberg mwingine, na kina Rosenberg wanazidi kuwa wachache kadiri makufuli yanavyozidi kuwa magumu.

Na ukishafungua unaadhibiwa. Simu yangu ina viraka vya usalama vya mwezi huu. Programu ya benki yangu inaikataa, inasema kifaa hakiaminiki. Simu ya jirani yangu wa duka la viatu haijapata kiraka tangu aliponunua, miaka minne iliyopita, na programu ileile inamfungukia. Nimeenda kwenye dirisha la tawi kuuliza, nikaambiwa nibadilishe simu. Ninamshukuru Mungu kwa *150*00# ya M-Pesa, maana amri ile inapita kwenye laini na haimuulizi mtu simu yake inaendeshwa na nini. Bibi mwenye kitochi na mimi tunatuma hela kwa njia moja.

S4 ilivunjika Februari 2022 kwenye ukuta wa Barranco, mkono wa shemeji uliposhika jiwe na simu ikabaki hewani. Ilikuwa na miaka karibu tisa, betri ya tatu, mfumo wa nne. Bado ninayo. Kioo kimekwisha, lakini ukiichomeka kwenye kompyuta inaitika.

Mtoto wake mkubwa naye sasa ni mgumu. Mwezi wa kwanza mwaka huu alishuka na simu, ya mtandao uleule wa Marekani, safi, nyeusi, haina mkwaruzo. Aliiweka juu ya meza ileile ya kioo. Niliangalia namba ya toleo: ya mwisho kabisa, imesasishwa yenyewe kila mwezi. Chaguo la kufungua butiloda halipo, si kwamba limezimwa, halijawekwa. Nimetafuta kwa miezi. Hakuna aliyepata tundu.

"Mjomba, imefunguka?" huniuliza kila anaposhuka.

Humwambia bado. Ananunua bando la wiki, anaendelea na kitochi chake mlimani, na simu ameniachia, hataki kuitumia ikiwa hivyo. Iko kwenye droo ya chini, imefungwa kwenye kitambaa. Kila mwanzo wa mwezi naitoa, naichaji ifike nusu ili betri isife, nazima Wi-Fi yake isije ikapokea sasisho jingine, naangalia kama kuna mtu yeyote duniani ameandika kitu kuhusu namba ile ya toleo. Halafu nairudisha.